Moto wa Finland Ulivyofika Elburgon

Chepkirui alikuwa amemaliza kukamua na anamimina maziwa kwenye mtungi wa kupeleka dairy wakati simu ilipolia mfukoni mwa aproni. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Februari, saa tatu asubuhi, na jua la Elburgon lilikuwa limetoka tu kwa kuonekana, halijaanza kazi. Alipoona jina la mwanawe Kipchirchir akashtuka. Chirchir alikuwa mtu wa kupiga simu Jumapili baada ya kanisa. Jumanne hakuwa anapiga, labda awe na neno.

"Mama, uko salama?"

"Niko. Na wewe?"

"Niko salama kabisa. Sina hata kidonda. Lakini nyumba imechomeka."

Chepkirui akageuka akaitazama nyumba yake. Mabati yalikuwa mahali pake, na kuku alikuwa amesimama mlangoni akiwaza. Ilimchukua muda kuelewa kwamba nyumba inayosemwa ni ile nyingine, ile ya ghorofani huko Finland, katika mji ambao jina lake hakuwahi kulitamka likatoka vizuri, ambako Chirchir alikuwa amekaa miaka mitatu akisomea unesi. Akaketi juu ya mfuniko wa mtungi.

"Imechomeka yote?"

"Jikoni na sebule. Kwingine ni moshi tu. Watu wa fire walikuja haraka sana, mama, hata sikuwa nimemaliza kuvaa. Saa hii niko nje. Wamenipa blanketi."

"Uko nje kwa barafu?"

"Kwa barafu na soksi. Lakini basi inakuja kutuchukua."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natengeneza kibuyu," Chirchir akasema.

Chepkirui mwenyewe ndiye aliyekuwa amekituma kile kibuyu. Tangu aende huko, Chirchir alikuwa akilalamika kwamba maziwa ya Finland hayana ladha yoyote, ni meupe tu. Basi mwezi wa Januari, Zeddy binti wa jirani alipokuwa anaondoka kwenda kusoma mji huo huo, Chepkirui alimpa kibuyu kizuri cha mursik, maziwa lala ya Wakalenjin, na vijiti vitatu vya mti wa senetwet vimefungwa kwa taulo. Mtu wa mursik anajua: kijiti unakichoma hadi kiwe kaa jekundu, unakisugua ndani ya kibuyu, ndipo unatia maziwa ukayaacha yalale. Kazi yenyewe hufanywa uani, penye hewa.

"Nilikwambia ufanyie nje."

"Nje ni baridi, mama. Kijiti kilikuwa kinazima hata kabla sijafika mlangoni. Nikakiwasha kwa jiko la stima. Sasa kile kidude cha moshi kwa dari kikaanza kulia, nikapanda kiti nikakivalisha soksi. Nikiwa huko juu kwa kiti, kijiti kikaangukia pazia."

Chepkirui akafunga macho.

"Usimwambie mtu kwamba ilikuwa ni kibuyu."

"Mtu wa huko ama wa huku?"

"Mtu yeyote," alisema, na akaenda kumwambia Wangui.

Wangui alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua, muuza viazi, na walikuwa wamezikiana waume na kuozeshana mabinti. Chepkirui hakumwambia habari ya kibuyu. Alimwambia tu kwamba nyumba ya Chirchir imeungua. Wangui akasema "Ngai!" mara moja, akavua aproni, akatoka. Saa sita ilipofika, watu walikuwa wamejaa uani.

Elburgon ni mji wa mbao. Nyumba ikishika moto huko hakuna anayeuliza mambo mengi. Kila mtu anaingia kwake, anatoka na kitu, anakuja. Wakaja na mablanketi. Wakaja na masufuria, na unga, na godoro limefungwa nyuma ya bodaboda likipepea kama bendera. Mama mmoja alileta viatu vya mguu wa kushoto viwili, akaeleza kwamba vile vya kulia vitafuata. Wanawake wa kanisa walifika wakiimba, wakiongozwa na Pasta Sydney, nao wakamkumbatia Chepkirui mmoja mmoja.

"Lakini nyumba yangu haijaungua," Chepkirui alisema.

"Ni Mungu tu," wakajibu, wakaendelea kulia.

"Chirchir yuko Finland. Hivi vitu vitamfikia aje?"

"Sasa tungempelekea nani?" Wangui akauliza. "Si wewe ndiye mama yake?"

Mzee mmoja aliyetoka mbali na asiyetaka safari yake iwe bure aliomba aonyeshwe mahali penyewe. Chepkirui akanyoosha mkono upande wa kaskazini, juu ya paa la choo. Mzee akavua kofia, akautazama upande huo kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Imeisha kabisa," alisema.

Kufikia jioni, ng'ombe alikuwa ameondolewa bandani ili blanketi zisilale nje, na Chepkirui mwenyewe akalala jikoni, kwa sababu chumbani mlikuwa na gunia tano za viazi.

Siku ya pili waliunda kamati. Mwenyekiti akawa Mzee Kosgei, mwalimu mstaafu, mtu ambaye kamati yoyote ya Elburgon ilimpata amekwisha kuketi kwenye kiti cha mbele. Pembeni yake akaketi Mbugua mwenye kiwanda cha kupasua mbao, aliyekuja na lori zima la nguzo na mbao za saipresi, na hakutaka kusikia habari ya kuzirudisha. Simu ya Chepkirui ikawekwa juu ya kiti cha tatu, ikaegemezwa kwa Biblia. Wangui alipoona Chirchir ametokea kwenye kioo akiwa na fulana nyepesi, akachukua blanketi, akakivika kile kiti.

"Kijana, pole sana," Kosgei akaanza. "Tumekaa hapa kama watu wako na tumeamua kukujengea."

"Asante mzee. Lakini hakuna haja. Niko na bima. Watatengeneza nyumba, na saa hii tumewekwa kwa hoteli."

"Bima ni sawa. Lakini ulisikia wapi bima imepiga msumari?"

"Mzee, mimi nakaa Finland."

"Tunajua unakaa Finland. Nyumba ya Finland imeungua. Ndiyo maana tunakujengea hapa, mahali ambapo haijaungua."

Watu wakapiga makofi. Mbugua akamuuliza Chirchir madirisha yaangalie wapi, naye, kwa kukosa la kusema, akasema yaangalie barabara.

Jioni ile, watu walipokwenda kula, Chepkirui alichukua simu akaingia nayo kwenye shamba la mahindi, mahali pekee ambapo hapakuwa na mtu wala blanketi. Akamwona mwanawe vizuri. Macho yalikuwa mekundu na mashavu yamebonyea.

"Hulali?"

"Nikilala nasikia moshi. Nimeoga mara nne, bado uko kwa nywele." Akajipangusa uso na kiganja. "Mama, hakuna mtu amenigombeza."

"Vipi?"

"Watu wa nyumba nne wametolewa kwa sababu yangu. Tunakula pamoja hapa hotelini kila asubuhi. Najua wanajua ni mimi. Nangoja mtu aniambie kitu, hata atukane. Wananisalimia tu na kuangalia mkate."

"Unataka kugombezwa?"

Chirchir akasema kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, "Ndiyo."

Basi Chepkirui akamgombeza. Akaanza na soksi: ni mtu wa aina gani anayefunga mdomo kitu kinachomwonya? Akaenda kwenye pazia, akapitia ile baiskeli aliyoipoteza Molo akiwa mtoto, akarudi kwenye kijiti. Aliita jina lake lote, na la babake, na la ukoo. Alipiga kelele hata mbwa wa Wangui wakaitikia. Alipoishiwa na pumzi, kijana upande ule alikuwa analia na kucheka.

"Asante, mama," alisema. Usiku huo alilala.

Chepkirui ndiye hakulala. Yeye alikuwa hajapata wa kumgombeza.

Alhamisi alikuja Kimeli, naibu wa chifu, na fomu ya watu waliopatwa na majanga. Kimeli alikuwa kijana nadhifu aliyependa karatasi ijae kila mahali penye mstari. Wakapiga simu.

"Mahali pa tukio?"

"Finland," Chirchir akajibu.

"Hiyo nimeandika. Kata ndogo?"

Chirchir akamtajia jina la mtaa. Kimeli akalisikiliza mara tatu, kisha akaandika "Elburgon (nje)".

"Jirani wa karibu?"

"Bibi Aino. Yuko juu yangu."

"Juu aje?"

"Ghorofa ya juu. Ni mama mjane wa miaka themanini na moja, anaishi peke yake. Moshi uliingia kwake, na maji pia."

Kalamu ya Kimeli ikasimama. Mzee Kosgei, aliyekuwa anapima msingi wa nyumba kwa hatua, akasimama pia. Mbugua akashusha nyundo.

"Kwa hivyo," Kosgei akasema polepole, "moto umetoka kwetu ukaingia kwa mjane."

Lile lilikuwa jambo jingine kabisa. Mtu wako akiunguliwa, unampelekea sufuria. Mtu wako akiunguza nyumba ya mjane, wazee wanainuka, wanachukua kondoo, wanaenda kuomba msamaha, na wanaenda bila kuchelewa.

"Tunaenda lini?" Mbugua akauliza. Yeye alikuwa Mkikuyu na desturi ya Wakalenjin hakuijua sana, lakini habari ya kondoo aliielewa.

"Finland hatufiki," Kosgei akakata shauri. "Aletwe hapa. Kwa simu. Jumamosi saa nane."

Jumamosi saa nane watu walikuwa arobaini, wamevaa nguo za Jumapili. Wazee walikaa mbele na fimbo zao. Kondoo alikuwa mweupe, mnene, amefungwa kwenye nguzo ya nyumba ya Chirchir iliyokuwa imefika usawa wa madirisha. Nyuma ya nyumba Mbugua alikuwa amewasha moto wa makaa mapema, kwa sababu shughuli ya namna hiyo huishia kwenye nyama.

Simu ikashika. Chirchir akaonekana, amevaa tai. Kando yake alikuwa mama mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanafunzi. Alikuwa amejifunga skafu, na alikaa wima kama mtu aliyeitwa mahakamani bila kuambiwa kesi.

Mzee Kosgei akasimama. Alisema kwa dakika kumi na mbili. Alianza na urafiki wa mataifa, akaeleza historia ya moto, akaueleza ukoo wa Kipchirchir na jinsi ambavyo tangu zamani haukuwa na tabia ya kuchoma watu. Alipomaliza, Chirchir alimgeukia bibi, akatamka maneno manne.

Kosgei akakunja uso. "Umesema yote?"

"Maneno yao ni marefu, mzee. Ndiyo maana ni machache."

Bibi Aino akajibu neno moja.

"Anasema si kitu. Ilikuwa ajali."

Wazee wakatazamana, wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika, na kwa kweli jambo lingeishia pale. Lakini Chepkirui alikuwa amesimama. Hakupanga. Miguu ilisimama yenyewe, na sasa watu wote arobaini walikuwa wanamtazama.

"Si kweli," alisema. "Si ajali. Ni mimi niliyechoma hiyo nyumba."

Wangui akashika mdomo.

"Mimi ndiye nilituma kibuyu. Nilituma na vijiti. Nilijua huko ni ghorofa na ni baridi, na nilituma tu, kwa sababu nilitaka mtoto anywe kitu cha kumkumbusha mimi. Halafu nikamwambia anyamaze, abebe aibu peke yake." Akaisogelea simu. "Mama Aino, mimi ni Chepkirui. Vitu vyako viliharibika kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

Chirchir alichukua muda kutafsiri, na safari hii maneno hayakuwa manne. Mikono yake ilionyesha kibuyu, ikaonyesha kusugua. Bibi Aino alisikiliza, kisha akauliza jambo.

"Anauliza kama kibuyu kilipona."

Chepkirui hakuwa ametarajia hilo. Siku zote hizo hata yeye hakuwa ameuliza. "Kilipona?"

"Kilipasuka, mama."

Bibi Aino akaweka mkono kifuani. "Anakupa pole ya kibuyu," Chirchir akasema, na Chepkirui, aliyekuwa amepokea pole za watu mia moja wiki nzima kwa macho makavu, akaanza kulia.

Bibi akasema tena.

"Anauliza, huyo ni kondoo? Anataka kumwona karibu."

Kondoo akaletwa. Akaunusa uso wa simu, akaulamba. Kutoka ndani ya simu kikatoka kicheko, kicheko kikubwa cha mtu mdogo, na Chirchir akamgeukia bibi kwa mshangao. Miaka mitatu aliishi chini ya miguu yake na hakuwahi kumsikia hata akikohoa.

"Nyumbani kwao walikuwa na kondoo, akiwa msichana," akasema. "Anauliza huyu anaitwa nani."

Kondoo hakuwa na jina. Hakuna anayempa jina kondoo atakayeliwa saa kumi. Lakini Kosgei aliona ni aibu kwa ujumbe rasmi kuja na kondoo asiyejulikana. Akakohoa.

"Anaitwa Bima."

Chirchir akatafsiri. Bibi Aino akainua nyusi, akakubali kwa heshima.

"Anasema anashukuru sana. Amempokea. Na mumtunze Bima vizuri hadi atakapokuja kumwona."

Nyuma ya nyumba makaa ya Mbugua yalikuwa yameiva vizuri. Watu walimtazama kondoo, kondoo akawatazama.

"Mwambie sawa," Kosgei akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Siku hiyo watu walikula viazi, gunia tatu.

Wakiwa wanakula, Mbugua alisema kwamba kama ni hivyo, huyo mama naye hana nyumba. Hakuna aliyeona kosa katika hesabu hiyo. Jumatatu wakaongeza chumba kimoja upande wa mashariki, kwa sababu wazee hupenda jua la asubuhi.

Mwezi wa Mei watu wa Finland walimaliza kupaka rangi. Chirchir akapiga simu kusema amerudi kwake, Bibi Aino amerudi kwake, na siku hizi wanakunywa kahawa pamoja kila Jumatano. Chepkirui aliipelekea kamati habari hiyo. Kamati ikaipokea kwa furaha, ikaiandika, ikaendelea kukutana kila Jumamosi. Blanketi ziligawiwa wenye shida. Ng'ombe akarudi bandani, akamkuta Bima ameshachukua kona nzuri, wakazoeana.

Nao Agosti wakaja kweli, Chirchir na bibi. Njiani walisimama Kikopey kula nyama choma, na bibi, kabla ya kushika kipande cha kwanza, alimuuliza Chirchir mara mbili kama ana hakika si Bima. Walipoingia Elburgon, watu walikuwa wamepanga mstari tangu barabarani. Kila mmoja alimshika bibi mkono akampa pole ya moto, na kila mmoja alikuwa na kitu: kuku, maparachichi, sufuria. Bibi Aino alipokea vyote kwa mikono miwili. Chepkirui alimsubiri mwisho wa mstari. Hawakuwa na lugha hata moja kati yao, basi wakashikana tu, wakatikisana kama watu wanaojaribu uzito, mpaka Wangui akasema chai inapoa.

Kwanza bibi alitaka kuona chumba chake. Akakizunguka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaguna kwa kuridhika. Kisha akavuta mlango ufunge. Mlango ukagoma. Akavuta tena. Ulikuwa unagusa sakafu.

"Ni mvua," Mbugua akasema haraka. "Mwambie mbao imevimba kwa sababu ya mvua."

Bibi Aino akachutama, akapitisha kidole chini ya mlango, akasema neno.

"Anaomba randa," Chirchir akasema, naye mwenyewe akiwa haamini. "Anasema alifanya kazi kwa kiwanda cha milango. Miaka thelathini."

Mbugua alinuna. Kurekebishiwa mlango mbele ya wateja wako, tena na mgeni wa miaka themanini na moja, si jambo dogo. Lakini randa ikaletwa, mlango ukang'olewa ukalazwa juu ya meza mbili, na bibi akavua sweta. Maranda yakaanza kutoka marefu, membamba, yamejikunja bila kukatika. Kwanza Mbugua alisimama mbali. Baadaye akasogea kushikilia mlango usiteleze. Baadaye tena akamnong'oneza Chirchir amuulize vile anashika ule mkono wa nyuma.

Mlango uliporudishwa, ulifunga bila sauti. Watu wakapiga makofi. Kosgei akasimama, akatoa karatasi ya hotuba mfukoni, akaikunjua. Bibi Aino akawapungia mkono wote, akaingia chumbani, akajifungia, na baada ya siku mbili za safari, akalala.

Watu arobaini wakabaki uani na vikombe vya chai. Kosgei akatazama karatasi, akatazama mlango.

"Tungoje," Chepkirui akasema kwa sauti ya chini, na Pasta Sydney, ambaye siku ile alikuwa bado hajaomba, akaomba kwa kunong'ona, asimwamshe bibi.